Mpelelezi, Mjane na Mbalamwezi: Namna ya Kupiga Filamu Fupi ya Giza Kigoma

Usiku wa kwanza nilioshuka Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, na kamera ya kuazima, ziwa lilikuwa tupu. Nilikuwa nimewaahidi wenzangu taa, zile taa za wavuvi wa dagaa zinazotanda juu ya Tanganyika mpaka mgeni akadhani ng'ambo kuna mji. Tulichokuta ni mwezi mpevu, maji yanang'aa kama bati jipya, na mitumbwi yote imelazwa mchangani. Mzee aliyekuwa akishona nyavu alituuliza tunatafuta nini. Tulipomweleza akasema, "Mbalamwezi hii, nani akavue?" Tukapanda kurudi mtaani Mwanga kwa miguu. Kamera ilikuwa ya watu na asubuhi ilitakiwa.

Kauli ya mzee yule ndiyo iliyonipa hadithi niliyokuwa nikiitafuta muda mrefu, na ndiyo nitakayoitumia kama mfano humu. Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu wanne hadi sita wenye simu moja yenye kamera nzuri, taa mbili tatu na uvumilivu. Lengo ni filamu ya dakika 15 hadi 20 kuhusu mpelelezi anayempenda mtu ambaye kazi yake ilimtaka amchunguze.

Kabla ya yote, tuelewane kuhusu jina la filamu za giza. Mwaka 1946 mwandishi Nino Frank, huko Ufaransa, aliziita "nyeusi" (film noir) filamu fulani za Kimarekani zilizokuwa zimechelewa kufika Paris kwa sababu ya vita. Zilikuwa na wauaji wenye sura za kawaida, wapelelezi waliochoka na mapenzi yanayompeleka mtu kaburini. Miaka ya 1970 zikarudi kwa rangi, na hicho kizazi cha pili ndicho tunachokifuata hapa. Wengi hudhani giza ni la picha tu. Chinatown ya mwaka 1974, inayohusu maji ya Los Angeles, sehemu yake kubwa inapita mchana wa jua kali, na bado ni nyeusi tii. Giza linalotafutwa ni la mtu anayeuona ukweli kwa macho yake mawili kisha akageuza uso.

Hatua ya kwanza: tafuta sentensi isiyoandikwa

Usianze na mauaji, na usianze na busu. Anza na jalada. Mpelelezi wa polisi kazi yake ni kuandika: maelezo ya shahidi, mchoro wa eneo la tukio, nani aliulizwa na alijibu nini. Jiulize ni sentensi gani moja ambayo huyu wako alipaswa kuiandika akaiacha. Ukiipata, una filamu. Usipoipata, utakuwa na watu wazuri wanaotembea gizani bila sababu.

Mfano wangu ni huu. Mwenye mitumbwi wa Ujiji ameopolewa ziwani akiwa maiti. Mjane wake anasema mumewe alikwenda kuvua dagaa, akateleza. Mpelelezi ni Sajenti aliyehamishwa kutoka Dodoma, hana hata miezi miwili mjini. Anaandika maelezo ya mjane vizuri, tarehe na saa. Baadaye mama mmoja anayeanika dagaa anamwambia, bila hata kuinua kichwa, kwamba usiku ule mwezi ulikuwa mpevu. Taa huwavuta dagaa penye giza. Mwezi ukiangaza ziwa zima, taa ya mvuvi haina nguvu na watu hulala majumbani mwao. Kwa hiyo marehemu hakwenda kuvua. Mwalo mzima unajua. Hakuna aliyeulizwa.

Sajenti anafungua jalada, anashika kalamu, anaifunga kalamu. Hapo ndipo filamu ilipo, na kila kitu kingine mtakachokifanya kiitumikie dakika hiyo.

Naipenda siri ya namna hii kwa sababu inawagawa watazamaji. Mtu wa Kigoma ataona mwezi kwenye picha ya kwanza na moyo utamshtuka mapema, wakati mtu wa Dodoma atajifunza pamoja na Sajenti. Tafuteni siri yenu iliyo hivyo, inayotokana na kazi ya mahali penu. Kama mko Tabora, waulizeni warina asali na wakulima wa tumbaku ni uongo gani mgeni anaweza kuambiwa kuhusu kazi yao akaukubali.

Hatua ya pili: mwanamke awe na hesabu zake

Hapa ndipo filamu nyingi za aina hii huharibika, za Wazungu na zetu. Mwanamke anafanywa mtego wenye macho mazuri, basi. Mwandikie sababu ambayo wewe mwenyewe ungeipigania.

Wa kwangu ni mke wa pili. Injini ya boti aliinunua kwa pesa yake ya biashara ya mawese, lakini karatasi zina jina la mume. Mume akifa akiwa ameacha watoto, sheria ya mirathi ya Kiislamu inawapa wajane thumni, na thumni hiyo wanagawana. Yaani injini yake mwenyewe itarudi kwake kama sehemu ya kumi na sita. Na kabla ya kufa, mume alikuwa anataka kuiuza. Sisemi hilo linahalalisha kifo. Nasema mtazamaji akilijua hatamwona tena kama nyoka, na Sajenti akimpenda tutaelewa kwa nini.

Kisha mweke edani. Mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ovyo, wala haposwi. Tazama eda inavyofanya kazi yote ya hadithi. Inakupa saa inayohesabu, na inakupa nyumba moja tu ya kupigia picha, jambo ambalo mfuko wenu utalishukuru. Inakupa majirani wanaohesabu viatu mlangoni. Na mwanamume pekee asiye ndugu mwenye ruhusa ya kuingia mara kwa mara ni yule mwenye jalada kwapani. Kwenye ziara za mwanzo mkalishe bibi mmoja pale mlangoni na tasbihi. Ziara ya mwisho kiti cha bibi kiwe kitupu.

Jambo la eda ni la ibada, na Ujiji ni mji wenye wazee wanaolijua vyema. Nendeni mkakae nao kabla ya kupiga hata picha moja, muwasomee hadithi, mrekebishe mtakapoambiwa mmekosea. Sisi tulirekebisha mavazi na namna ya kukaa, na filamu ikawa nzito zaidi.

Hatua ya tatu: mapenzi yapite kwenye namna ya kuitana

Ukiiga maneno yanayotafsiriwa chini ya filamu za kigeni, utawafanya wapenzi wako waambiane "nakupenda" na kila kitu kitaanguka. Kiswahili kina njia yake. Watu wetu wakisogeleana, kinachobadilika kwanza ni jina wanaloitana.

Ziara ya kwanza:

"Afande, karibu. Kiti hicho hapo."
"Pole na msiba, mama."
"Ahsante, tumeshapoa."

Ziara ya tatu, yeye anamwita "Sajenti" na mwanamume anasema "dada". Mtazamaji hatatambua kwa akili lakini atahisi. Ziara ya tano hakuna anayemwita mwenzake chochote. Mwanamke anauliza neno moja tu, "Umekula?" Hapo ndipo pa kuweka kamera karibu kuliko mahali pengine popote kwenye filamu, maana hilo ndilo tamko lenyewe. Sajenti akijibu "bado", ameshaingia.

Na mwishoni kabisa, baada ya kila kitu, mwanamke amwambie kwa sauti ileile ya siku ya kwanza: "Afande, karibu. Kiti hicho hapo." Msimpe mwigizaji machozi. Maneno yameshafanya kazi.

Andikeni mazungumzo kwa Kiswahili cha hapa. Mama wa Kibirizi asiongee kama mtangazaji wa redio. Mwacheni aingize neno la Kiha, au lafudhi ya ng'ambo kama ana ndugu Kalemie au Uvira. Sajenti peke yake ndiye aongee Kiswahili kilichonyooka, kwa kuwa ni mgeni.

Hatua ya nne: kalenda ya mwezi ndiyo ratiba yenu

Sasa mnajua kosa langu, msilirudie. Mnahitaji usiku wa aina mbili. Picha za ziwa lenye taa zipigwe siku za giza, yaani siku chache kabla na baada ya mwezi kuandama. Picha ya usiku wa kifo, ziwa jeupe na mitumbwi mchangani, ipigwe mwezi ukiwa mpevu. Kati ya hizo kuna wiki mbili; zitumieni kwa picha za ndani ya nyumba.

Jua la huku huzama karibu saa moja, dakika kama arobaini hivi baada ya Dar es Salaam, kwa sababu tuko magharibi kabisa na saa ni ileile moja ya nchi nzima. Likishazama nyuma ya milima ya Kongo mna dakika kama ishirini za mwanga wa bluu. Ni mwanga mzuri mno na hausubiri mtu, hivyo fanyeni mazoezi saa kumi na moja, papo hapo, kila mtu akijua anasimama wapi.

Majira nayo yaangalieni. Kiangazi, kuanzia Juni, moshi na vumbi huficha milima ya ng'ambo na ziwa huonekana halina mwisho. Masika mvua ikikatika, milima inasimama karibu kama ukuta. Kwa hadithi ya mtu anayejifichia ukweli mimi nachagua kiangazi. Ila kiangazi upepo wa kusini hupanda, kwa hiyo picha yoyote ya majini ipigwe maji yametulia, karibu na ufukwe, kila mtu amevaa jaketi la kuokolea maisha, na anayeendesha mtumbwi awe mvuvi, si mwigizaji. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470.

Hatua ya tano: vibali

Fupi tu, lakini msiiruke. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayotoa kibali cha kupiga na kuikagua kazi kabla haijaonyeshwa hadharani. Afisa utamaduni wa halmashauri yenu atawaelekeza, anzeni kwake. Bandarini na stesheni msitoe kamera bila barua mkononi. Mwaloni ongeeni na uongozi wa wavuvi. Sare ya polisi ina masharti yake, na ndiyo maana nyingine ya kumfanya mhusika wenu awe mpelelezi: wapelelezi huvaa nguo za kiraia. Mpeni shati la mikono mirefu na kalamu mfukoni, inatosha.

Hatua ya sita: mwanga mmoja

Waanzilishi wa filamu hizi walitumia kivuli cha mapazia ya mbao kupiga mistari usoni mwa mtu. Huku hatuna mapazia hayo. Tuna nondo za dirisha, na kivuli cha nondo juu ya uso wa mpelelezi kinasema jambo zito zaidi. Tuna nyavu za dagaa, zenye matundu madogo sana. Zitundike mbele ya taa, uzisogeze polepole, ukuta mzima utapumua kama maji. Mjane akikaa nyuma ya kivuli hicho, hujui kama ameshikwa yeye au ndiye mwenye wavu.

Kanuni yangu ni taa moja kwa kila picha, itokee upande, juu kidogo ya kichwa. Ya pili iwe nyuma kwa mbali, ndogo, ya kumtenga mtu na ukuta. Upande usio na taa uachwe ufe. Mkiona aibu mkaongeza ya tatu "ili tuone vizuri", mtapata picha ya harusi. Kanga nyeusi au shuka zito litundikwe kuzuia mwanga unaorudi kutoka kwenye kuta nyeupe. Taa za LED za wavuvi, zile za betri, zina mwanga mkali wa baridi unaofaa kabisa kwa picha za mwaloni. Kwa ndani zifunikeni karatasi ya kaki mpate rangi ya taa ya mafuta, ila karatasi isiguse penye joto.

Ngozi nyeusi haihitaji kumwagiwa mwanga. Inahitaji kitu cha kung'aa juu yake. Paka mafuta kidogo shavuni na kwenye paji la uso, weka taa ubavuni, uso utachongwa wenyewe. Pima mwanga kwenye uso, kisha ufunge kipimo hicho ili simu isijirekebishe mtu anapotembea. Simu ikiachiwa huru itageuza usiku kuwa mchana mchafu wenye chembechembe. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kuweka mwenyewe: fremu (picha) 25 kwa sekunde, kasi ya kufunga na kufungua lenzi 1/50 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) isizidi 800 kama inawezekana. Nambari hizo zina sababu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukipiga kwa fremu 30 chini ya balbu za nyumbani unaweza kukuta picha inapepesa kama jicho lililoingia mchanga, na hilo halitengenezeki baadaye.

Na moshi. Kwenye filamu za kale kila mtu anavuta sigara, moshi unapanda kwenye mwanga, watu wanapendezwa. Sisi tuna udi. Kumbukeni mjane yuko edani, hajitii manukato, nyumba haifukizwi. Ziara zote za mwanzo hewa iwe safi, mwanga mtupu. Halafu ziara ya tano Sajenti anasukuma pazia la mlango, na kwenye mwanga wa dirisha kuna uzi mwembamba wa moshi kutoka kwenye chetezo. Hakuna neno linalosemwa. Kila mwanamke atakayeitazama filamu hiyo atajua kimetokea nini ndani ya nyumba hiyo, na kila mwanamume atajua sekunde tatu baadaye. Wekeni chetezo chini ya kimo cha dirisha na taa nyuma ya moshi, kamwe si mbele yake. Ukimulikwa kutoka mbele hauonekani.

Hatua ya saba: sauti

Nimeona kazi nyingi zenye picha safi zikafa kwa sauti. Ziwa lina upepo na simu inausikia kuliko sikio. Chukueni simu ya pili, iwekeni kwenye mfuko wa shati la Sajenti au ndani ya mtandio wa mjane, irekodi sauti peke yake. Pigeni makofi mara moja mwanzoni mwa kila picha ili mpate pa kuunganishia. Kila chumba kabla ya kuondoka rekodini dakika nzima ya ukimya wake.

Kisha kusanyeni sauti za mji: honi ya treni, adhana ya alfajiri, chura wa bondeni, injini ya boti inayokataa kuwaka. Treni ni muhimu kwangu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na hapa ndipo inapoishia. Mbele ni maji. Sajenti akisikia honi kila anapotaka kuandika ile sentensi, mtazamaji atajua kuna njia moja tu ya kuondoka, nayo inarudi alikotoka.

Kama mnapata ruhusa ya kuipiga picha MV Liemba, meli kongwe ya ziwa hili, hata kwa mbali, ipigeni. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Sisi tuliweka picha yake sekunde nne tu, mara baada ya Sajenti kufunga jalada. Wazee waliokuwa wakitazama walicheka kwa uchungu.

Hatua ya nane: onyesho la mapenzi

Pigeni mikono. Mkono wa mwanamke unaosogeza sahani, mkono wa Sajenti unaogeuza jalada kifudifudi juu ya meza. Picha hiyo ya jalada kufunikwa ni nzito kuliko kitanda chochote. Ongeeni na waigizaji wote wawili siku nyingi kabla, mkubaliane kipi kitaonekana na kipi hakitaonekana, na makubaliano hayo yasibadilishwe siku ya kupiga kwa sababu mwongozaji "ameona kitu". Mwigizaji wa kike anaishi mji huuhuu na atakwenda sokoni kesho yake.

Hatua ya tisa: kukata, na watazamaji wa kwanza

Wengi wetu tulikulia kwenye riwaya za kina Willy Gamba na Joram Kiango, makachero wanaoshinda. Kishawishi cha kumpa Sajenti ushindi kitakuja mezani wakati wa kuhariri, na mtu atapendekeza amkamate mjane kwenye dakika ya mwisho. Kataeni. Hakuna wa kumkamata, kalamu imeshafungwa. Punguzeni muziki. Picha ya mwezi ya mwanzoni iacheni ikae muda mrefu kuliko mnavyoona inafaa, sekunde kumi, mitumbwi yote ikiwa nchi kavu.

Kabla ya kuipeleka popote, ionyesheni mwaloni, kwa wavuvi na kina mama wa dagaa, ukutani au kwenye shuka, siku ya mbalamwezi ambayo hawana kazi. Msitazame filamu. Kaeni pembeni mtazame nyuso zao. Wakifika mwisho bila kushtuka, rudini mkaurefushe ule mwezi. Wakianza kugunana mapema, mjane akiwa bado anaeleza namna mumewe alivyoondoka na taa, msiguse kitu tena.